Hadithi za Maajabu na Wanawake Walioziandika

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu)



Kamati iliponiomba nizungumze juu ya vitabu, nadhani ilitarajia mtumishi wa serikali aje na vitabu vya uchumi. Mafaili nayasoma kutwa nzima ofisini. Usiku nasoma hadithi za mizimu, wachawi na viumbe vya ajabu, na waandishi niwapendao zaidi ni wanawake. Enzi zetu mvulana hakuthubutu kulisema hilo bwenini.

Wa kwanza ni Mary Shelley, Mwingereza. Alianza kuandika Frankenstein mwaka 1816, akiwa na umri wa miaka 18, kando ya ziwa la Geneva huko Uswisi. Mvua ilikuwa imewafungia ndani, yeye na wenzake, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Kitabu kilitoka London mwaka 1818 bila jina lake, na wapo waliodhani ni kazi ya mumewe mshairi. Watu wengi hudhani Frankenstein ni jina la lile jitu. Sivyo. Ni jina la kijana msomi aliyeliunda, kisha akalikimbia. Jitu lenyewe halikupewa jina.

Wa pili ni jirani yetu, Grace Ogot wa Kenya, aliyefariki mwaka 2015. Katika The Promised Land, kilichotoka mwaka 1966, Ochola na mkewe Nyapol wanahama kwao Ujaluo kuja Tanganyika kutafuta ardhi. Wanapata mali, na jirani mmoja, mganga, anawaonea wivu. Ochola anaota mwilini vitu mfano wa miiba, na hospitali inashindwa kumtibu. Ogot mwenyewe alisomea uuguzi na ukunga, lakini hawacheki waganga, wala haidharau hospitali. Anakuachia hofu yako uishike mwenyewe. Kitabu hicho nikikisoma usiku siendi msalani peke yangu, na nina watoto watatu.

Sasa nifike kwa yule wa tatu, Ursula K. Le Guin wa Marekani, aliyefariki mwaka 2018. Kitabu chake A Wizard of Earthsea kilitoka mwaka 1968. Kinamhusu Ged, kijana mchunga mbuzi, mwenye ngozi ya rangi ya shaba, anayepelekwa shule ya wachawi katika kisiwa cha Roke. Shule ya wavulana watupu, kama hii. (Baadaye Le Guin mwenyewe aliona kasoro hiyo, na mwaka 1990 akaandika Tehanu, ambamo mhusika mkuu ni mama mjane.) Ged ni mwerevu na anajua kwamba ni mwerevu. Siku moja, kwa majivuno mbele ya wenzake, anamwita mtu aliyekwisha kufa, na hapo kinatoka kivuli kinachomwinda kila aendako. Anakikimbia mpaka anachoka. Mwishowe anageuka, anakifuata baharini, na kukiita kwa jina. Jina lenyewe ni lake yeye.

Kitabu hicho nilikikuta maktaba ya hapa nikiwa kidato cha tatu, kimechanika kurasa za mwanzo. Sikujua mwandishi ni mwanamke.

Muhula uliotangulia kulikuwa na mwenzetu bwenini aliyekuwa akizungumza usingizini. Usiku mmoja, ili watu wacheke, nilisema ana jini. Walicheka kweli. Baada ya wiki mbili hakuna aliyetaka kutumia ndoo moja naye. Mwingine akaugua malaria, lawama zikamwangukia yeye. Baba yake akaja na baiskeli, wakafunga sanduku la bati nyuma, wakaondoka. Nilikuwa dirishani. Hakuna aliyeniuliza neno, nami sikusema.

Kwa hiyo nilipofika pale kivuli kinapotoka, nilikifunga kitabu nikakirudisha rafuni. Nilikimaliza nikiwa Chuo Kikuu.

Miaka miwili iliyopita nilimtafuta yule ndugu. Anatengeneza redio na simu sokoni. Nilimweleza. Alisema alijua tangu usiku ule, maana alikuwa macho na sauti yangu aliijua. Kisha akaendelea kuchomelea waya, nami nikabaki nimesimama. Baadaye aliniagizia chai. Nilimwalika leo; akanijibu kwamba Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja.

Nimeleta nakala za vitabu hivi vitatu, nimemkabidhi mwalimu wa maktaba. Kurasa za mwanzo zipo zote, na majina ya waandishi yanasomeka.