MAZUNGUMZO: JEMBE LA MGONJWA WA AKILI



Katika milima hii ya Usambara, wilayani Korogwe, ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi. Ilianza mwaka 1896 ikiwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Wagonjwa wa Lutindi hawalazwi ili wakae tu. Hulima, hutunza mifugo na hufanya kazi za mikono.

Kazi hiyo hutolewa kama tiba. Ikigeuzwa adhabu, au njia ya kupata vibarua wa bure, haimfai mgonjwa hata kidogo. Mtaalamu humpimia kila mmoja kwa kadiri ya hali yake. Anayesumbuliwa na sauti wasizozisikia wengine huweza kuanza na kupalilia tuta moja tu. Polepole siku yake hupata utaratibu, usingizi hurejea, naye huzoea tena kukaa na wenzake. Dawa haziachwi, kwani kazi haishiki nafasi yake.

Tatizo huanzia nyumbani. Mgonjwa hurudi akiwa anaweza kulima, akakuta jembe limefichwa. Ndugu humlisha, humhurumia, humkalisha uani kutwa. Si ajabu akirudishwa wodini, na lawama zikaangukia dawa.

Jamaa wanaombwa, siku ya kumchukua mgonjwa wao, wamwulize mhudumu alikuwa akifanya kazi gani, na wamtengee kazi hiyo nyumbani, hata ikiwa ni matuta mawili ya mchicha.