Si Mafuta Yote Yafaayo Kisu



Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kilichomo mifukoni mwa wengi wetu, nacho ni kisu cha kukunja. Fundi umeme anacho, dereva wa lori anacho, na msafiri wa basi hukitoa akamenya chungwa lake. Msikilizaji mmoja ameniuliza: kisu chake kimekuwa kigumu kufungua, je, akitie mafuta gani? Swali ni jepesi, lakini majibu ninayoyasikia mitaani yananitia hofu.

Jibu la kwanza ni oili chafu ya gereji, eti kwa sababu ni ya bure. Ndugu zangu, oili hiyo imekwisha kufanya kazi ndani ya injini. Imebeba masizi, chembe za chuma kilichosagika, asidi, na hata kemikali ziwezazo kuleta saratani. Ukiitia kwenye kiungo cha kisu umetia msasa na kutu kwa pamoja. Na jioni kisu hicho hicho kinamkatia mtoto embe!

Jibu la pili ni mafuta ya kupikia. Haya hayana sumu, ni kweli. Lakini mafuta ya alizeti au ya mahindi yakikaa hewani hugeuka, yakanata kama gundi. Tazama shingo ya chupa ya mafuta jikoni kwako, utaona. Mafuta ya nazi hayageuki upesi hivyo, ila huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Dar es Salaam mchana yatatiririka. Nairobi asubuhi ya mwezi wa Julai yatakuwa mshumaa.

Wako pia wasiotaka kusikia kingine ila kopo la kupuliza la WD-40. Jina lake lenyewe laeleza kazi yake: ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji, jaribio la 40, nayo ilibuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953. Kufukuza unyevu na kulegeza kutu, hodari kweli. Lakini sehemu yake kubwa hupotea hewani kama mvuke. Itumie kusafishia, usiitegemee kulainisha kwa muda mrefu. Na grisi je? Ni nzito, hunasa mchanga wa mfukoni.

Basi tutumie nini? Kwa kisu cha kukatia nyaya na kamba tu, mafuta ya cherehani yanatosha kabisa. Ni mepesi, ni safi, hayanati, na chupa ndogo haimfilisi mtu. Lakini kwa kisu kinachogusa chakula, nenda duka la dawa uulize yale mafuta maangavu, yasiyo na harufu, ambayo watu hunywa kulainisha choo. Eleza vizuri unachotaka, usije ukapewa mafuta ya taa, ambayo wengine nao huyaita parafini.

Kabla ya mafuta, usafi. Victorinox, watengenezaji wa visu vya Uswisi ambao karakana yao ilianza mwaka 1884, hushauri kisu kitiwe katika maji ya vuguvugu, kifunguliwe na kufungwa mara kadhaa ili uchafu utoke, kikaushwe, ndipo kitiwe mafuta. Kisu chenye mpini wa mti, kama Opinel ya Ufaransa, usikiloweke. Mti hunywa maji ukavimba, na kisu kikazidi kuwa kigumu. Hicho kisugue kwa mswaki mkavu.

Kisha tia tone moja kwenye kiungo. Moja tu! Fungua na funga, halafu futa yaliyozidi, kwa maana hayo ndiyo yatakayokusanya vumbi. Ninyi wa pwani, pitisheni pia kitambaa chenye mafuta kidogo juu ya bapa lenyewe. Hata chuma kiitwacho kisichoshika kutu hushindwa na chumvi na ndimu vikiachwa juu yake.

Pengine mtu atasema ninakuza jambo dogo. La hasha. Kisu kigumu hulazimishwa kwa nguvu, na kinapoachia ghafla hukuta kidole. Na kile chenye kufuli, uchafu ukijaa ndani, kufuli huenda lisikamate vizuri, kisu kikajifunga juu ya vidole vya mwenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kidole, ndugu yangu, hakijengwi.

Kama kisu chako kinakata chakula, jiulize swali moja: mafuta haya naweza kuyalamba? Kama huwezi, yaache gereji yalikotoka.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.