Video Kabla ya Upasuaji: Mgonjwa Abaki na Nafasi ya Kuuliza



Ukiwauliza madaktari wa upasuaji kuhusu kumwonyesha mgonjwa video kabla ya kupasuliwa, wengi wataiunga mkono, na sababu ya kwanza watakayoitaja ni muda. Kliniki imejaa, maelezo ni yale yale kutwa nzima. Ni kweli, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Video iliyoletwa ili daktari aseme machache itamfanya mgonjwa naye aulize machache.

Chukueni upasuaji wa mtoto wa jicho. Kwa kawaida mgonjwa halazwi usingizi. Jicho tu hutiwa ganzi. Lenzi yenye ukungu hutolewa, ikawekwa ya bandia, njia aliyoianzisha Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Hayo madaktari tunayaeleza vizuri. Lakini mzee aliyeketi kwenye benchi ana yake: je, jicho litang'olewa kisha lirudishwe? Nitakiona kisu? Nikishikwa na kikohozi? Video nzuri huanza na maswali hayo. Humwambia kwamba uso utafunikwa kitambaa, ataona mwanga, atasikia watu wakizungumza, na akitaka kukohoa aseme kwanza.

Tena mzee huyo haoni vizuri, ndicho kilichomleta! Basi sauti ndiyo ibebe maelezo yote, polepole, kwa Kiswahili cha nyumbani, na aliyemsindikiza aketi naye asikilize, kwa kuwa huenda ndiye atakayemtia dawa ya matone wakirudi.

Wapo madaktari wanaohofu kwamba picha zitawatisha wagonjwa. Nakubali, hakuna haja ya kuonyesha jicho likikatwa. Kuficha hatari ni jambo jingine. Maambukizi ndani ya jicho hutokea mara chache, lakini yanaweza kupofusha, na lazima yatajwe waziwazi kama tunavyotaja mafanikio. Mwaka 2015, katika kesi ya Montgomery, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba daktari anapaswa kumweleza mgonjwa hatari ambazo mtu katika hali yake angezipa uzito, pamoja na njia nyingine za tiba zinazofaa. Ilisema pia kwamba kummiminia maelezo ya kitaalamu asiyoyaelewa, au kumtaka tu atie saini, hakutimizi wajibu huo. Kwangu mimi, onyo hilo linaihusu video kikamilifu.

Ndiyo maana nasisitiza video ionyeshwe siku ya kliniki, si asubuhi ya upasuaji mgonjwa akiwa ameshabadilishwa nguo. Kisha daktari amwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe kitakachofanyika, na akikwama, warudie hapo alipokwama. Fomu ya ridhaa isubiri. Nao watakaotengeneza video hizo wakae kwanza na wauguzi, maana wao ndio wanaoulizwa yale ambayo mgonjwa huona haya kumwuliza daktari.