Gari Angani na Mizani ya Matumizi



Hapa Vigwaza lori halipiti mizani bila kupimwa. Nasi leo twapima matumizi. Februari 2018, tajiri Elon Musk wa Marekani alirusha angani gari lake la anasa kwa roketi ya kampuni yake. Roketi ilikuwa ya majaribio, na mzigo wa zege ungetosha. Ila zege halipigiwi vigelegele. Aprili 2023, roketi ya kampuni hiyo hiyo ilibeba Taifa-1, setilaiti ya jirani zetu Kenya, iliyogharimu shilingi zao milioni 50, ili itazame mashamba na ukame. Hiyo hatuiti israfu. Lakini fedha ya umma ni amana, na mkulima aliyelipa kodi ana haki ya kuuliza: habari za setilaiti zilinifikia, tena kabla mvua haijakatika?