Mtoto Akikataliwa Shuleni, Tudai Jibu la Maandishi



Tumeombwa kuzungumza juu ya haki ya mtoto ya kupokelewa katika shule ya serikali. Tungeweza kuanza na Katiba, ibara ya 11, au na tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya elimu, la mwaka 1965. Lakini tuanze na binti ambaye sote tunamfahamu, maana wenzake wako katika vijiji vyetu, Kilolo, Mufindi hata Rungwe. Aliacha masomo kidato cha pili, akaenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, akarudi na mtoto mgongoni. Sasa anataka kusoma, na bibi yake yu tayari kumlea kitukuu. Mwezi Januari wanakwenda shuleni katika mvua na matope, nao wanajibiwa, "Nafasi zimejaa." Wanarudi nyumbani. Nasi jumuiya tunawapa pole.

Mlango huo una historia yake. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi aliyetenda kosa dhidi ya maadili, au aliyeolewa. Mimba ikahesabiwa kuwa kosa la namna hiyo. Mwezi Juni 2017, huko Chalinze, hayati Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyepata mimba hatarudi shule ya serikali, na baada ya hapo ni mkuu gani wa shule angethubutu? Mwezi Novemba 2021 mambo yalibadilika. Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Na. 2, ukiruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwamo, kurejea katika mfumo rasmi. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto, chombo cha Umoja wa Afrika, nayo iliona kuwa kuwafukuza mabinti hawa ni kuvunja haki zao.

Hata hivyo waraka si sheria iliyotungwa na Bunge, tena waraka unaweza kulala kabatini. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Katazo la mdomo halina rufani. Aliyesema "nafasi zimejaa" kesho atasema hakusema. Kwa hiyo mzazi aandike barua yenye kichwa cha habari, "Yah: Ombi la kurejea masomoni", ataje waraka kwa namba na mwaka, aombe ajibiwe kwa maandishi, na aombe nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Asiyejua kuandika aandikiwe na katibu wa jumuiya. Aliyezoea kuitwa "mama fulani" aandike jina lake kamili. Watu wawili wamsindikize, na waongee kwa adabu, kwa maana mara nyingi mkuu wa shule si adui, bali ni mtumishi mwenye hofu, na barua humpa naye kinga ya kutenda lililo haki.

Jibu lisipopatikana, au likiwa la kukataa, nakala zipelekwe kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Afisa ustawi wa jamii ahusishwe pia, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto. Wako vilevile wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, na juu yao iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kila ngazi itauliza swali lile lile: karatasi iko wapi?

Tuseme na la kwetu, ingawa halipendezi. Binti huyu, kabla ya kukataliwa shuleni, huenda alikwisha kukataliwa kwaya. Tukiwa tumemnyamazisha kanisani, tutakwenda kumtetea kwa uso gani ofisini?

Jambo moja haliwezi kungoja semina nyingine. Utaratibu uliotolewa uliweka muda wa miaka 2 tangu mwanafunzi alipoacha masomo. Basi, kabla ya kutoka ukumbini leo, kila mwenyekiti wa jumuiya akae na wenzake na waulizane majina: nani aliacha shule mwaka jana, nani mwaka juzi, na ilikuwa mwezi gani.