Tunamfanyia Nani? Ikhlasi na Maradhi ya Kupenda Kutajwa

(Yafuatayo ni mawaidha yaliyotolewa msikitini baina ya sala ya Magharibi na Isha.)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuyajua yaliyo dhahiri na yaliyofichika vifuani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.



Tumependelea jioni hii tukumbushane juu ya jambo lililo jepesi kulitamka na zito kulitekeleza, nalo ni ikhlasi, yaani kumkusudia Mwenyezi Mungu peke Yake katika kila tulifanyalo. Kinyume chake ni maradhi mawili yaliyo ndugu. La kwanza ni riya, ambayo ni kutaka watu waone. Na la pili ni sum'a, ambayo ni kutaka watu wasikie. Mwenye riya hurefusha sijda anapojua kuwa anatazamwa. Mwenye sum'a husali usiku peke yake, kisha asubuhi akatafuta njia ya kuwajulisha wenzake kwamba hakulala.

Katika Suratul-Bayyina, aya ya 5, tumebainishiwa kuwa watu hawakuamrishwa ila kumwabudu Mwenyezi Mungu hali ya kumtakasia Yeye dini. Mtume (s.a.w.) naye aliwahofia masahaba zake shirki ndogo, na alipoulizwa ni ipi, akaeleza kuwa ni riya. Tuzingatie kuwa hofu hiyo ilikuwa juu ya watu waliokuwa wakisali nyuma yake na kupigana jihadi pamoja naye. Basi sisi tunajiaminishaje?

Imepokewa pia kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), katika Sahihi ya Imamu Muslim, kwamba watu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama ni watatu: aliyeuawa vitani, aliyejifunza elimu akaifundisha na akaisoma Qur'ani, na aliyepewa mali akaitoa. Kila mmoja ataulizwa alifanya nini kwa neema aliyopewa, naye atadai kuwa alifanya kwa ajili ya Mola wake. Ataambiwa kuwa amesema uongo: alitaka aitwe shujaa, au msomi, au mkarimu, na tayari ameshaitwa. Kisha ataburutwa kifudifudi mpaka Motoni.

Ndugu zetu, katika watatu hao hamna mwizi wala mlevi. Ni watu ambao sisi tungewapisha safu ya mbele. Hawakudhulumiwa hata chembe, kwani walitaka kutajwa na wakatajwa. Walichukua ujira wao hapa duniani, wakafika kwa Mola wao mikono mitupu.

Maradhi haya yalivyo baina yetu

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hivi leo hata chema tumekivika kengele shingoni. Mtu huchangia kisima, na kabla maji hayajatoka anauliza kibao chenye jina lake kitawekwa upande gani. Mjane huitwa kupokea kilo chache za unga katika mwezi wa Ramadhani, akasimamishwa mbele ya kamera akiwa ameushika mfuko, na picha yake ikasambazwa kwenye simu za watu asiowajua. Ameondoka na futari, lakini sitara yake ameiacha pale pale. Katika Suratul-Baqara, aya ya 264, tumekatazwa kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia, na mwenye kufanya hivyo akafananishwa na anayetoa mali yake ili watu wamwone.

Sisi walimu na wahubiri hatumo nje ya jambo hili, bali sisi ndio wa mwanzo kuhofiwa. Elimu ina utamu wa kuitwa sheikh, wa kubusiwa mkono, na wa kuona sura yako kwenye tangazo la muhadhara ikiwa kubwa kuliko jina la mada yenyewe. Mwalimu akianza kuhesabu waliohudhuria kabla ya kujiuliza wamefaidika nini, basi ajue kuwa maradhi yamekwisha kumwingia.

Na madhara yake hayaishii kwenye moyo wa mtu mmoja. Ni mara ngapi ujenzi wa madrasa umekwama kwenye lenta, si kwa kukosa saruji wala nondo, bali kwa sababu watu wawili wamegombania uenyekiti wa kamati? Wakubwa wanashindana nani atajwe, na watoto wanasoma juzuu amma chini ya mwembe mpaka mvua inapowafukuza.

Tusije tukafahamiwa vibaya. Kutoa kwa dhahiri si haramu. Katika Suratul-Baqara hiyo hiyo, aya ya 271, sadaka ya dhahiri imesifiwa kuwa ni njema, na ya siri wanayopewa mafakiri ikatajwa kuwa ni bora zaidi kwetu. Mtu akitoa hadharani ili wengine wahamasike, ana malipo yake. Vile vile kamati kuwasomea waumini mapato na matumizi si riya. Hiyo ni amana. Tunachokizungumzia ni kile kilichomo moyoni, ambacho hakuna mhasibu wa kukikagua isipokuwa mtu mwenyewe, na juu yake Mola wake.

Kipimo: nafasi inapoondoka

Huenda mtu akauliza: nitaijuaje ikhlasi yangu ilhali moyo umefichika? Tunasema kuwa kimojawapo cha vipimo vilivyo wazi ni kutazama tunafanya nini pale cheo kinapoondolewa na kazi ikabakia.

Tumtazame Khalid bin Al-Walid (r.a.). Katika vita vya Mu'ta, mwaka 8 Hijria (629 Miladia), aliichukua bendera baada ya makamanda watatu kufa mashahidi, akaliokoa jeshi, na akapewa lakabu ya Upanga wa Mwenyezi Mungu. Akaendelea kupata ushindi katika Yamama, Iraki na Sham. Mwaka 13 Hijria (634) Abubakar (r.a.) alifariki, na Umar (r.a.) akashika ukhalifa. Katika mambo ya mwanzo aliyoyafanya ni kumvua Khalid uongozi wa majeshi ya Sham na kumpa Abu Ubayda bin Al-Jarrah (r.a.). Miongoni mwa sababu zilizopokewa ni kwamba Umar alichelea watu wasije wakadhani kuwa ushindi unatoka kwa Khalid, wakasahau kuwa unatoka kwa Mwenyezi Mungu.

Fikirini, ndugu zetu. Ni kamanda aliye kileleni mwa sifa, mbele yake majeshi ya Rumi, na nyuma yake askari wanaompenda. Lau angetaka kuligawa jeshi, asingekosa wa kumfuata. Lakini Khalid hakujitenga wala hakurudi nyumbani kwa hasira. Aliendelea kupigana chini ya amri ya Abu Ubayda, na katika vita vya Yarmuk, mwaka 15 Hijria (636), mchango wake ulikuwa mkubwa. Na Abu Ubayda naye, kama ilivyopokewa katika vitabu vya tarehe, hakuharakisha kuitangaza barua ya kuteuliwa kwake ili asimvunjie mwenzake heshima wala kulivuruga jeshi. Mmoja hakuung'ang'ania uongozi, na mwingine hakuukimbilia. Kwa watu kama hao Mwenyezi Mungu aliifungua Sham.

Mfano wa pili ni wa mtu aliyejivua cheo kwa mkono wake mwenyewe, naye ni Imamu Abu Hamid Al-Ghazali. Wanachuoni wamejadiliana juu ya baadhi ya aliyoyaandika, na hapa sipo pa mjadala huo. Linalotuhusu ni yale aliyoyasimulia juu ya nafsi yake katika kitabu chake Al-Munqidh minadh-Dhalal. Mwaka 484 Hijria (1091) waziri Nidhamul-Mulk alimteua kuwa mwalimu katika Madrasa ya Nidhamiyya ya Baghdad, na cheo hicho kilikuwa miongoni mwa vyeo vikubwa mno kwa msomi wa zama zile. Miaka michache baadaye alikaa akaichunguza nia yake katika kufundisha, akaona kuwa haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali msukumo wake ulikuwa ni kutafuta jaha na umaarufu.

Kuanzia mwezi wa Rajabu mwaka 488 (1095) alitaabika kwa karibu miezi sita: siku hii anaazimia kuondoka, siku ya pili anaghairi. Hatimaye ulimi wake ukafungika, akawa hawezi kusomesha wala chakula hakimwelei, na matabibu wakasema kuwa hilo ni jambo lililoushukia moyo. Hapo akamwelekea Mola wake kama mtu aliyekosa hila. Akaigawa mali yake, akabakisha kiasi cha kuwakimu watoto wake, akaondoka Baghdad kuelekea Sham. Huko Damascus alikuwa akipanda kwenye mnara wa msikiti na kujifungia mchana kutwa, hali hakuna anayemwita kwa vyeo.

Lakini kisa hakikuishia mnarani, na hili ndilo tunalotaka tulishike. Mwaka 499 (1106) alirudi kufundisha, safari hii katika mji wa Naysabur. Yeye mwenyewe alieleza kuwa ingawa kwa nje alionekana amerejea kwenye kazi ile ile, kwa hakika hakurejea: zamani alikuwa akiifundisha elimu ambayo kwayo mtu hupata jaha, na sasa anaifundisha elimu ambayo kwayo mtu huiacha jaha. Madrasa ni madrasa, wanafunzi ni wanafunzi, na kilichobadilika ni jibu la swali moja tu: tunamfanyia nani?

Tufanye nini?

Kwanza, kila mmoja wetu awe na amali moja ya siri asiyoijua mkewe wala rafiki yake: rakaa mbili za usiku, ada ya mtoto wa jirani, au deni la masikini lililolipwa dukani bila ya mwenyewe kujua aliyelilipa. Miongoni mwa watu saba watakaofunikwa na kivuli cha Mwenyezi Mungu yumo aliyetoa sadaka akaificha, hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia.

Pili, tusiiache kheri kwa kuogopa riya. Shetani akishindwa kutuharibia nia, hutujia kwa njia ya pili na kutunong'oneza kuwa tuache kabisa kwa kuwa sisi ni wanafiki. Dawa ni kuisahihisha nia huku kazi inaendelea.

Tatu, tuwathamini wasiotajwa. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (s.a.w.), ingawa mpokezi alikuwa na shaka kama ni mwanamke au kijana. Alipofariki, masahaba walimzika bila ya kumpa Mtume taarifa, kana kwamba waliliona jambo lake kuwa dogo. Mtume (s.a.w.) akamkosa, akamuulizia, akawalaumu kwa kutomjulisha, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamsalia hapo hapo. Hakuwa na kibao wala cheo. Alikuwa na ufagio, na aliyemuulizia ni mbora wa viumbe.

Katika kila msikiti wetu wamo watu wa aina hiyo: anayejaza birika za udhu kabla ya alfajiri, anayekunja majamvi, anayewapikia uji watoto wa chuo. Tukitoka hapa leo, tuwaulizie hali zao kabla haijafika siku ya kuonyeshwa makaburi yao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo zetu na riya, ndimi zetu na uongo, na amali zetu na kila kisichokuwa kwa ajili Yake. Atujaalie tuwe watu wa kufanya zaidi kuliko watu wa kutajwa, na atukubalie machache yetu kwa rehema Zake. Amin.

Wabillahi tawfiq.