Masalio ya Vikwembe

Hotuba iliyosomwa mbele ya wakristu na wageni, siku za yubile ya parokia, Tenke



Padri mkubwa aliniomba niseme juu ya kazi ya mama washonaji, tena nisipitishe nusu saa. Nitajaribu. Nimechagua jambo moja tu: yale masalio ya vikwembe yanayojaa katika masanduku na mifuko ya nyumba zetu, na namna ya kuyaunganisha yawe blanketi. Wengine watafikiri kwamba jambo hili ni dogo kwa siku kubwa kama ya leo. Lakini katika kikundi chetu lilileta maneno mengi, na maneno yenyewe hayajaisha. Ndiyo sababu nayaleta mbele yenu.

Wageni wetu sherti wajue kwanza mahali walipofika. Mji huu ulikuzwa na njia ya gari la moshi. Reli iliyotoka Lubumbashi ilikwisha kufika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1931 reli ya kutoka Lobito, iliyopita Dilolo, iliunganishwa nayo hapa hapa Tenke. Basi watu wa lugha nyingi wakakutana na Wasanga wenyeji: Waluba, Walunda, Wachokwe, na ndugu zetu wa Kasai. Kila mama alishuka na kifurushi chake, na ndani ya kifurushi mlikuwa vikwembe. Vile vile wageni wataona kwamba hapa tuko juu. Mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi ya kweli, na mzee anayelala peke yake anaijua kuliko sisi wengine.

Nisemapo kikwembe, sisemi nguo tu. Kikwembe ni urefu wa karibu mita 1,80, na vitatu hufanya ile piesi tunayoinunua sokoni. Kwa mama wa Kongo kikwembe ni banki. Mume akipata mshahara mzuri, ananunua piesi. Siku ya ndoa, ni piesi. Siku ya kuondoa kilio, ni piesi tena. Mama haivai yote. Anaikunja, anaitia katika valizi chini ya kitanda, na siku mtoto anapofukuzwa shuleni kwa deni, anaifungua valizi na kuuza. Katika miaka ya 1990, wakati mishahara ya Gécamines ilipokuwa haifiki, nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi na Fungurume zilikula kutoka katika valizi ya mama. Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya: sisemi kwamba mtikate makasi vikwembe vizima ili kufanya mablanketi. Kikwembe kizima kikae mahali pake. Maneno yangu ni juu ya masalio.

Na masalio yanatoka wapi? Yanatoka kwa fundi. Mama anapeleka piesi ili ashonewe libaya na vikwembe viwili vya kufunga, na kwenye meza ya fundi vinabaki vipande vya mikono, vya shingo, vya pembeni. Hapa pana ugomvi wa zamani. Mafundi wengine husema masalio ni yao, kama vile mchinjaji anavyobaki na kwato. Mimi naona kwamba kitambaa kilinunuliwa na mama, na masalio yake ni yake mpaka aseme mwenyewe, «Uchukue.» Lakini aseme siku ya kwanza, siyo siku ya kuja kuchukua nguo, wakati fundi amekwisha kujaza nayo mto wa kulalia. Mafundi wako hapa, najua wananitazama.

Sasa nifike kwenye maneno yaliyotusumbua. Tulipoanza kuunganisha viraka, mama mmoja alisimama akasema: «Kiraka ni haya. Mtoto wangu akilala chini ya viraka, jirani watasema baba yake hana kazi.» Hakusema uongo. Katika kambi za kampuni zamani, mfanyakazi alipewa nyumba na posho, na mke wake alifundishwa kushona katika fuaye sosiale au kwa Masista. Nguo ya mtoto yenye kiraka ilionekana kama kosa la mama. Fikara hii ilikaa ndani yetu. Nasi tunauona mji umebadilika: tangu mgodi wa Tenke na Fungurume ulipoanza kutoa shaba mwaka 2009, mablanketi mapya ya nailoni yanajaa sokoni, yenye maua na simba, na bei yake siyo kubwa. Mtu akihesabu siku zake za kazi, ataona kwamba blanketi la viraka halina bei nafuu. Nasema wazi, ili mtu asidanganyike.

Lakini kiraka siyo haya kwa watu wote, wala kwa Wakongo wote. Tupande gari la moshi hapa, tupite Kamina, tufike Kasai, mpaka nchi ya Wakuba. Huko wanaume husuka nguo za majani ya mti wa rafia, na nguo mpya ni ngumu sana. Sherti itwangwe ili ilainike. Katika kutwanga inatoboka. Mama wa Kikuba wakashona viraka juu ya matundu, kisha wakaona viraka vinapendeza, wakaanza kuvitia hata mahali pasipo tundu. Leo nguo hizo ziko katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, na watu wanalipa kiingilio ili kuzitazama.

Huko India, katika Karnataka, wanaishi Wasidi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari karne nyingi zilizopita, wengi wao katika utumwa. Kati yao wapo Wakatoliki, wapo Waislamu, wapo Wahindu. Mama zao hushona blanketi linaloitwa kawandi, la nguo zilizochakaa. Hawaanzi katikati, wanaanza kwenye pembe, wanazunguka pembeni, wanaingia polepole mpaka katikati, na kwenye pembe nne wanatia vipande vidogo vilivyokunjwa, vinavyoitwa maua. Kawandi isiyo na maua wanasema iko uchi. Sikuweza kusoma jambo hilo bila kucheka kwa furaha, maana dada zetu hao walipoteza lugha za Afrika, na bado wanapenda rangi nyekundu karibu na ya manjano kama sisi.

Na katika Marekani, kwenye jimbo la Alabama, kuna kijiji kinachoitwa Gee's Bend, ndani ya pindo la mto. Mama weusi wa huko, wazao wa watumwa wa mashamba ya pamba, walishona mablanketi ya patalo za kazi na magunia, kwa sababu nyumba zao zilikuwa na matundu na upepo ulipita. Mwaka 1966 mama wa sehemu zile walianzisha ushirika wa kuuza kazi yao, na mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yaliwekwa ukutani katika makumbusho ya Houston. Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mume wake. Mwaka 1942 akachukua nguo za kazi za marehemu, akazifanya blanketi, ili amkumbuke na ajifunike nalo. Nitarudi kwa mama huyu.

Kazi yenyewe inafanywaje? Nitasema upesi, kwa kuwa wengi wenu mnajua sindano kuniliko.

Kwanza mtu achambue. Pamba na nailoni visikae pamoja, maana haviwezi kupigwa feri kwa moto mmoja. Asiyejua kuvitofautisha, achome uzi mmoja: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, nailoni inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Kisha afue vyote, hasa vile vipya. Injili ya Marko, sura ya 2, inasema juu ya kiraka kipya kwenye nguo iliyozeeka, na kila mshonaji anajua kwamba Bwana wetu alikaa katika nyumba ambamo mtu alishona. Kitambaa ambacho hakijaonja maji kitanywea siku ya kwanza ya kufuliwa, kitavuta kile cha zamani na kukipasua. Na rangi: kipande chekundu kilowe katika maji pamoja na kitambaa cheupe, cheupe kikibadilika, chekundu kifuliwe tena na tena.

Halafu kukata. Tunatumia kipimo cha karatasi ngumu, sentimita 20 kila upande. Mshono unakula sentimita moja pande zote, hivyo inabaki 18. Viraka 10 kwa upana na 12 kwa urefu, jumla 120, vinafanya blanketi la mita 1,80 kwa 2,16. Mtu mzima analala vizuri. Chini tunaweka shuka la zamani, na katikati, ili joto likae, blanketi lililochakaa. Tabaka tatu hizi zikifungwa kwa mshono wa mkono, kila upana wa kiganja, hazitembei wakati wa kufua. Mashini ya kushona inasaidia kuunganisha viraka. Tabaka tatu, hapana, inavunja sindano, na sindano zinaletwa kutoka Likasi.

Basi. Sasa nije kwa maneno mawili ambayo hayajaisha.

La kwanza ni vikwembe vya Kanisa. Kila mama hapa anavyo: vya Mama Anuarite, aliyetangazwa mwenyeheri Kinshasa tarehe 15 mwezi wa nane 1985, vya Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa Pili, aliyefika Lubumbashi katika safari ile ile, vya Papa Fransisko, aliyekuja Kinshasa mwaka 2023, na sasa hivi vya yubile yetu. Vinachakaa. Je, tuvikate? Mama wengine wanasema ni dhambi kupitisha makasi katika uso wa mtakatifu. Wengine wanajibu kwamba mbona tunaukalia uso huo ule ule kwenye benchi, kila dominika, na hakuna anayesema neno? Jibu hilo lilitunyamazisha sana. Katika kikundi tumefanya hivi kwa muda: uso haukatwi, wala jina, tunauacha mzima, unakuwa katikati ya blanketi, upande wa kifuani, pembeni na maua ndiyo hukatwa. Lakini sisi siyo waalimu wa sheria ya Kanisa. Mapadri mliokuja, naomba msiondoke kesho bila kutuambia neno, hata kama ni neno la kutukataza.

La pili ni zito zaidi. Mama akifa, valizi yake inafunguliwa. Mnajua ninachotaka kusema. Dada wa marehemu wanavuta, wakwe wanavuta, mabinti wanalia. Nimeona nyumba ambamo watu waliokula sahani moja miaka 30 hawasalimiani kwa sababu ya piesi nne za wax. Na baba akifa ni vibaya zaidi, maana mara nyingine wanamwondolea mjane hata kile anachojifunika. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyotengenezwa upya mwaka 2016, inampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa na mume wake pamoja na vyombo vyake, na wakatekista wangefanya vema kuwaambia watu hivyo siku ya matanga, siyo baada ya mwezi.

Sisi mama washonaji hatuna uwezo wa sheria. Tumeanza kufanya jambo moja dogo. Familia ikikubali, kabla ya kugawa, tunaomba upana wa kiganja kutoka katika kila kikwembe alichokivaa marehemu, siyo vile vipya vya banki. Tunaviunganisha. Blanketi linakaa kwa yule anayebaki nyumbani: mjane, au mtoto wa mwisho, au bibi. Vikwembe vigawanywe kama desturi inavyotaka. Mara mbili tumekubaliwa. Mara moja tumefukuzwa, tena kwa maneno makali. Katika zile mbili, moja ilikuwa nyumba ambamo dada wawili walikuwa wamekwisha kugombana. Walikuja wote wawili kwenye kazi, wakakaa kwenye mikeka mbalimbali, kila mmoja akashona upande wake. Siku tatu hawakusema. Siku ya nne mkubwa alikosa uzi mwekundu, akanyosha mkono bila kutazama, na mdogo akampa. Sijui kama wamepatana. Najua kwamba blanketi lilikwisha, na mama yao mkubwa analala chini yake.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, Tabita alipokufa kule Yopa, wajane walimwonyesha Mtume Petro kanzu na nguo alizowashonea. Hawakumwonyesha kitu kingine. Wale wajane walijua kila nguo inatoka mkono gani, kama vile watoto wetu, wakilala chini ya viraka, wanavyoonyesha kwa kidole: hiki cha ndoa ya shangazi, hiki cha ubatizo wangu, hiki Mama alikivaa siku tulipohamia Tenke.

Baada ya Misa ya kesho, mablanketi sita yatatandikwa katika chumba cha mafundisho. Mawili ni ya kuuzwa, ili tununue sindano na uzi. Manne yatapelekwa kwa wazee wanaolala peke yao, majina yao padri mkubwa anayo. La saba halijaisha, limekosa viraka kama 30. Mwenye masalio ya pamba, yaliyofuliwa, ayalete kabla ya mwezi wa sita. Mafundi pia.